Milimita Moja na Nusu

Marehemu baba alikuwa mwashi Kisauni, na nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kumshikia timazi. Akining'iniza ule uzi wenye risasi, akifumba jicho moja, kisha akiniuliza: ukuta umesimama au umelala? Uzi ule ninao hadi leo. Nimeubeba Dubai na nikarudi nao, na huko nimeutumia miaka kulaza vitu kwa makusudi, jambo ambalo mzee angelikuwa hai lingemkera.

Nilifika Dubai 2006, nikiwa na miaka kumi ya gereji za Mombasa mikononi. Gereji iliyoniajiri ilikuwa Al Quoz, katikati ya maghala na vumbi, nami nikapangiwa mashine ya alaimenti, ile inayopima magurudumu yamekaaje. Nilikuwa nikiiogopa, kumbe ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Unafunga vibao kwenye rimu nne, kamera zinavisoma, skrini inakutolea namba. Nyekundu ni mbaya, kijani ni nzuri. Mwenye gereji alitaka gari litoke kwa dakika 20, basi sisi tulizungusha tairodi za mbele mpaka namba mbili zigeuke kijani, tukachapisha karatasi, tukamkabidhi mtu ufunguo. Nyuma hatugusi. Upepo wa tairi hatuulizi. Karatasi ngapi za kijani nilizotoa kwa mtindo huo, Mungu anajua.

Kijani yenyewe ni uwanja mpana. Kiwanda hutengeneza gari la kila mtu, la mwalimu na la mwuza samaki, kwa hivyo huacha nafasi kubwa kati ya kipimo cha chini na cha juu. Magari mawili yanaweza kuwa kijani yote mawili, moja likaenda kama maji mferejini na jingine likavuta upande kama mbuzi wa kamba.

Mwaka 2014 nilikuwa chini ya pikapu nikigombana na nati iliyoshika kutu, nikiitukana kwa Kiswahili kwa kuwa nilidhani hakuna anayenisikia.

"Shikamoo, fundi. Hiyo nati imekukosea nini?"

Nikatoa kichwa. Kijana wa Kiomani, kanzu nyeupe, kofia ya nakshi. Mamake alizaliwa na kukulia Unguja, na lugha ya nyumbani kwao Maskati ilikuwa Kiswahili tangu yeye mtoto. Tangu siku hiyo sikumwita mteja.

Gari lake lilikuwa Toyota GT86. Siku za kazi alilipeleka Abu Dhabi, ambako alikuwa mhandisi, karibu kilomita 140 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ijumaa moja moja alilipeleka Dubai Autodrome. Pale kuna siku ambazo mtu yeyote analipa, anavaa helmeti, anaingia uwanjani na gari lake la kila siku. Hakuna mshindi wala kikombe. Unashindana na saa yako mwenyewe. Njia ndefu ya uwanja ule ni kilomita 5.39, na huzungukwa kwa mwendo wa saa, hivyo kona nyingi ni za kulia na tairi la mbele kushoto ndilo hubeba msiba. La kwake lilikuwa limetafunwa ubavu wa nje kama muwa. Gereji tatu zilikuwa zimemchapishia kijani.

Nilipotazama namba zake, sababu ilikuwa wazi. Gurudumu la mbele la gari lile hutoka kiwandani likiwa wima kabisa, au karibu na hapo. Barabarani hiyo ni sawa. Ukiingia kona kwa kasi, bodi inalala upande wa nje, gurudumu nalo linalalia nje, na tairi linabaki likisimama juu ya bega lake. Dawa ni kulilaza kwa ndani kabla, ili kona ikilisukuma liwe limekanyaga sawa. Huo mlalo mafundi tunauita kemba. Lakini shokapu ya mbele ya gari lile haina pa kurekebishia. Inabidi utoe bolti ya juu inayoshika shokapu na kitovu cha gurudumu, uweke nyembamba kidogo yenye mbavu ya duara isiyo katikati. Ukiizungusha, inavuta gurudumu ndani. Tukapata digrii moja na nusu kila upande. Karatasi ikatoka nyekundu, nami nikamkabidhi kwa maringo.

Hapo ndipo nilipokosea. Ukigusa kemba, tou nayo inahama. Tou ni namna magurudumu yanavyotazamana ukiyaangalia kutoka juu: vidole ndani, vidole nje, au sambamba. Niliirekebisha, ndiyo, lakini vijana wa uwanjani walikuwa wameniambia kwamba tou ya nje kidogo hulifanya gari liitikie usukani upesi. Nikampa. Milimita moja na nusu kwenye ukingo wa rimu, kila gurudumu.

Baada ya miezi miwili akarudi. Ubavu wa nje ulikuwa mzima; wa ndani ulikuwa kipara, nyuzi za waya zikichungulia. Mamake, alisema, alikuwa amekataa kupanda gari lile kwa sababu kwenye Barabara ya Sheikh Zayed linafuata kila mfuo wa lami. "Mama asema lina shetani."

Nikasema ni kemba, kila mtu anajua kemba hula ndani. Yeye akachukua boksi tupu la pedi za breki, akapiga hesabu juu yake. Milimita moja na nusu kwenye rimu ya inchi 17 ni kama digrii sifuri nukta mbili. Tairi lililogeuka kiasi hicho huku gari likienda mbele huburutwa kando mita tatu na nusu kwa kila kilomita. Zidisha kwa kilomita 280 za siku yake ya kazi. Akanigeuzia boksi nisome: mita 980. Karibu kilomita nzima ya kuburutwa ubavu, kila siku, siku tano kwa juma, na kemba ndiyo iliyochagua upande wa tairi utakaolipa.

Nilinyamaza. Miaka yote ile ya kijani nilikuwa nikiisingizia kemba.

Mwenye gereji hakutaka mashine ishikwe muda wa saa tatu kwa gari moja, basi tulihamia uani, Ijumaa baada ya sala, tukarudi kwenye zana za baba. Kwanza upepo, matairi yote. Mafuta nusu tangi. Magunia ya mchanga kwenye kiti cha dereva, kilo 80, uzito wake. Chini ya kila gurudumu la mbele vigae viwili vilivyopakwa grisi katikati, ili gurudumu ligeuke bila kusuguana na sakafu. Kisha uzi wa kuvulia samaki, mmoja kila ubavu wa gari, umefungwa kwenye stendi usawa wa kitovu cha gurudumu. Kuzipanga nyuzi ndiko kunakochosha: kitovu cha mbele kushoto na cha mbele kulia viwe umbali mmoja na nyuzi zao, vya nyuma hali kadhalika, na ukisogeza pembe moja nyingine inaharibika. Zikitulia, unapima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Tofauti ndiyo tou. Kwa kemba, timazi: kwenye rimu ile milimita saba na nusu ni digrii moja.

Tulianza na magurudumu ya nyuma, maana ndiyo yanayoamua gari limeelekea wapi. Nyuma tukaacha vidole ndani kama milimita moja. Mbele, sambamba kabisa. Kijana akaenda nalo Sharjah na kurudi, akasema mama atapanda.

Bado niliaibika mara moja tena. Uwanjani aligonga ukingo wa kona, bolti yangu ya kemba ikateleza, na gari likarudi usukani umepinda. Sikuwa nimeikaza kwa spana ya kupimia, niliikaza kwa mkono na kiburi. Tangu hapo kila bolti niliyoifunga niliipiga mstari wa rangi nyeupe, ikihama hata unywele nione. Baadaye tulifunga pleti za kemba juu ya shokapu tukafika digrii mbili na pointi tatu. Yeye alitaka tatu. Nilikataa: gari linalofunga breki za ghafla mbele ya malori kila asubuhi linahitaji tairi lililokanyaga chini kwa upana wake. (Wale wanaolaza magurudumu kwa urembo, yakatanuka kama miguu ya punda aliyezidiwa mzigo, sina la kuwaambia.)

Nilirudi Mombasa 2021. Wateja wangu sasa ni Probox na matatu, na kemba zao hulazwa na mashimo ya barabarani. Yule kijana hunitumia ujumbe wa sauti akiwa bado uwanjani, injini zikinguruma nyuma yake. Ana kipimajoto cha sindano. Akitoka tu kwenye mzunguko anachoma mpira wa tairi sehemu tatu kabla haujapoa. Nina daftari la shule nilimoandika joto la matairi yake tangu mwanzo, wakati ubavu wa nje ulipokuwa ukiunguza digrii 15 zaidi ya wa ndani.

Juzi alisoma la mbele kushoto: nje 81, katikati 88, ndani 86. Nikasikiliza mara mbili, nikaandika. Kemba haikuwa na neno; katikati ndiko kulikozidi moto. Nikamwambia apunguze upepo psi mbili, aingie tena.