Alama ya Wimbi Juu ya Irabu

Mdharau mwiba, mguu huota tende, walinena wahenga. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa mtu anayepuuza adui mdogo au maradhi madogo. Katika uandishi wa lugha za Kiafrika kwa tarakilishi, mwiba wenyewe ni mdogo kuliko punje ya ulezi: ni ile alama ya wimbi inayokaa juu ya irabu mbili za Kikikuyu, ĩ na ũ. Asiyeijua lugha hiyo huidhania kuwa pambo. Kwa mwenye lugha, alama hiyo hutenga neno na neno.

Kiswahili kina irabu tano. Kikikuyu kina saba. Irabu ĩ hutamkwa kwa kukaribia e, nayo ũ kwa kukaribia o. Ira ni jana, ilhali kwĩra ni kuambia. Ukiifuta alama katika shina la kitenzi hicho, jana na kuambia huandikwa kwa sura moja. Hata jina la lugha, Gĩkũyũ, lina irabu tatu na zote tatu huihitaji alama hiyo. Kibodi inayouzwa madukani Nakuru haina kibonye cha ĩ wala cha ũ, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya Kiingereza.

Jambo hili lilimkabili kijana mmoja wa Kuresoi mnamo mwaka wa 2006. Kuresoi iko katika nyanda za juu kandokando ya msitu wa Mau, mahali ambapo Kipsigis, Kikikuyu, Ekegusii na Kiogiek husikika katika soko moja, nacho Kiswahili huwaunganisha wote. Kijana huyo, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa akiyaandika masimulizi ya bibi yake kuhusu Olenguruone. Huko ndiko serikali ya kikoloni ilikowahamishia Wakikuyu waliotolewa katika nchi ya Wamaasai kuanzia mwaka wa 1941; walipoyakataa masharti ya makazi hayo, walifukuzwa, na kufikia mwaka wa 1950 makazi yalikuwa yamevunjwa. Bibi aliyashuhudia hayo akiwa msichana mdogo. Ajuza huyo alisimulia kwa Kikikuyu, na mjukuu akaandika kwa kalamu katika madaftari matatu. Kalamu haina kibodi. Kila wimbi lilikaa mahali pake.

Kazi ilikuwa ngumu alipoanza kuchapa. Kurasa kumi na moja za mwanzo alizichapa bila alama, kwa i na u za kawaida, akitumaini kwamba angezitia baadaye kwa kuyatazama madaftari. Kisha rafiki alimpa fonti maalumu. Katika fonti hiyo, mtu alibonyeza mabano ya mraba na kiwambo kikaonyesha ĩ au ũ. Ilionekana kuwa tiba kamili. Lakini fonti ya namna hiyo hubadilisha sura tu. Ndani ya tarakilishi, kilichohifadhiwa kilibaki kuwa mabano.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kuresoi iliwaka moto. Nyumba ya bibi iliteketea Januari 2008, na madaftari yote matatu yakawa majivu. Bibi alinusurika, akahamia kwa mwanawe mjini Molo. Masimulizi yalibaki katika diski ndogo ndani ya mkoba wa mjukuu. Alipoifungua katika tarakilishi nyingine, isiyokuwa na fonti ile, jina la lugha yake lilisomeka G[k]y]. Ukurasa mzima ulijaa mabano.

Aliyemwauni alikuwa mwanafunzi mwenzake, Mkenya mwenye asili ya Kihindi, ambaye nyumbani kwao Kigujarati ndicho kilichozungumzwa. Yeye aliyajua masaibu hayo. Kwa miaka mingi, Wagujarati, Wabengali na Watamili walichapa lugha zao kwa fonti za kuazimana, na kila barua iliyohamishwa kwenye mashine nyingine iligeuka vurugu. Suluhisho lilikuja na Unicode, mfumo ambao toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka wa 1991. Mfumo huo huipa kila herufi namba yake isiyobadilika, fonti iwe ipi. Herufi ya sauti ka ni 0915 katika Devanagari, 0995 katika Kibengali na 0A95 katika Kigujarati. Mwandiko mmoja umepangwa sambamba na mwingine, kama ndugu waliopewa vyumba vinavyofanana.

Kuiandaa tarakilishi ya Windows XP kwa kazi hiyo kulihitaji subira. Mtu alifungua mipangilio ya lugha, akaweka tiki kwenye kisanduku cha miandiko changamano, akaulizwa diski ya usakinishaji, kisha akaongeza kibodi ya lugha aliyoitaka. Kibengali chenyewe kiliingizwa katika Windows XP kwa toleo la nyongeza la mwaka wa 2004. Baada ya hapo mambo yalienda kwa mantiki: mtu huchapa konsonanti kwanza, halafu irabu i, na tarakilishi yenyewe huichora irabu hiyo upande wa kushoto wa konsonanti, kama mwandiko wa Kibengali unavyotaka. Wabengali hawakusubiri kampuni kubwa tu. Mwaka wa 2003, Mehdi Hasan Khan, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari nchini Bangladesh, alitoa Avro, programu ya bure inayomwezesha mtu kuchapa Kibengali kwa kufuata matamshi kwenye kibodi ya Kiingereza. Hao ni watu ambao wenzao waliuawa Dhaka tarehe 21 Februari 1952 wakiitetea lugha yao. UNESCO iliiteua tarehe hiyo mwaka wa 1999 kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama.

Kumbe ĩ na ũ nazo zilikwisha kupewa namba: 0129 na 0169. Hazikuwa na haja ya mwandiko changamano wala diski. Kijana aliiagiza programu ibadilishe kila bano la kufungua kuwa ĩ na kila bano la kufunga kuwa ũ. Kwa dakika chache, kurasa zilizoonekana kuwa takataka zilirudi zikiwa nzima, kwani kosa lililopangika hurekebishika. Zile kumi na moja zilizochapwa bila alama hazikuwa na dawa katika mashine, kwa sababu mashine haiwezi kukumbuka kile ambacho haikuambiwa. Dawa yake ilikuwa Molo. Kwa siku nne mjukuu alisoma kwa sauti, naye bibi akawa anamsahihisha neno baada ya neno. Je, ingekuwaje kama bibi hangekuwapo?

Kuhusu uchapaji, kijana aligundua kwamba katika Microsoft Word mtu huandika 0169 na kubonyeza Alt na X pamoja, na ũ ikatokea. Hata hivyo, njia hiyo ilimkwaza katika neno asilotarajia: cũcũ, yaani bibi. Namba za Unicode huandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F. Hivyo c iliyotangulia huhesabiwa kuwa sehemu ya namba, isipokuwa mtu aiteue namba peke yake kwanza. Hatimaye alitumia programu ya bure ya Microsoft ya kuundia mpangilio wa kibodi, akaziweka ĩ na ũ kwenye q na x, herufi ambazo Kikikuyu hakizihitaji.

Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba hadithi hii ni ya Wakikuyu peke yao. Kiswahili na Kipsigis vinashirikiana katika ng', na kiritifu hicho kina namba zaidi ya moja: 0027 kikiwa kimenyooka, 2019 kikiwa kimepinda. Katika baadhi ya programu za kuhesabia maneno, ng'ombe mmoja huwa wawili. Jina la Kipng'eno nalo, likiandikwa bila kiritifu, humfanya mgeni alitamke kwa sauti ambayo mamake hakumwitia.

Kwa hiyo, anayekusanya ngano, majina au semi za wazee na aanze kwa kuiandaa kibodi, kisha ndipo achape ukurasa wa kwanza. Kazi hiyo haizidi alasiri moja. Wasimulizi wa Olenguruone wanazidi kupungua, na atakayekuja kuusoma ukurasa baada yao hatakuwa na wa kumuuliza kama neno lililoandikwa ni jana au ni kuambia.