Gita ya mapajani

Wiki hii zamu ya kuandika ni ya sisi wa kikundi cha muziki, hapa Base Camp, Nakivale. Tumekubaliana tuandike kuhusu ile gita ambayo watu wanatuuliza kila siku kwa nini tunailaza mapajani kama mtoto mgonjwa.

Gita ilikuwa imekufa. Iliachwa chini ya bati msimu mzima wa jua, shingo ikapinda, nyuzi zikainuka juu kabisa. Ukibonyeza, vidole vinauma na sauti haiko sawa. Tulisema tuifanye kuni, kwa utani, lakini si utani sana. Mwenzetu mmoja ndo alikataa. Yeye alikuwa anapiga solo kwetu Kivu Kusini, na alifika huku na vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo havikunjiki tena. Alikuwa anakuja mazoezini, anakaa, anapiga makofi tu. Siku hiyo akatuonyesha kwenye simu mtu amelaza gita mapajani, habonyezi uzi hata mmoja, anatelezesha chuma juu ya nyuzi na anapiga jazz. Akasema, "Kwa hii, shingo mbovu si shida. Hata mkono wangu si shida."

Kumbe upigaji huo ulitoka visiwa vya Hawaii, na Docteur Nico mwenyewe, yule wa African Jazz, aliwahi kupiga gita hiyo. Hayo tuliambiwa na papa mmoja jirani aliyekuwa mpiga ritimu Uvira enzi zake. Hata hatukuwa tumemuuliza.

Balaa ikaanza kwenye kutuni. Gita ya kawaida, ukianza na uzi mnene, ni mi, la, re, sol, si, mi. Ile ya kwenye simu ilikuwa do, mi, sol, la, do, mi. Sisi na haraka zetu tukavuta uzi wa re tuupandishe mpaka sol. Paa! Ukakatika, ukamchapa mmoja wetu shavuni. Nyuzi hapa hupati kila kona, ni mpaka mtu aende Mbarara, na nauli ni ya kuchangishana. Papa alicheka kwanza. Halafu akatuuliza kama hatujawahi kusikia mi-composé. Wazee wa gita wa Kongo walipoitaka re ya juu hawakuuvuta ule uzi mnene wa re. Waliutoa, wakaweka mwembamba mahali pake.

Tulipopata seti mpya tukahamisha. Uzi wa la ukaenda nafasi ya sita, ukapanda do. Wa re ukaenda ya tano, ukapanda mi. Wa sol ukakaa ya nne bila kuguswa. Lakini ya tatu nayo inataka uzi wa sol uliopandishwa la, na seti ina sol moja tu. Tukaazima wa kwaya.

Sauti ilipotoka tulinyamaza wote. Weka chuma wima kwenye shingo, nafasi ya 5: nyuzi tatu nene zinakupa fa meja, tatu nyembamba re maina. Chuma chenyewe ni soketi ya spana tuliyopewa na fundi wa bodaboda.

Tatizo lilikuwa sol-saba, ile akordi inayoufanya wimbo utake kurudi do. Inataka fa na si zilie pamoja, na kwa mpango huu wa nyuzi, chuma kikikaa wima huzipati pamoja popote. Lazima ukipindishe, nafasi ya 10 kwenye uzi wa nne na ya 11 kwenye uzi wa pili. Kukipindisha kunataka vidole, tena vilevile viwili. Alijaribu karibu wiki mbili. Soketi inaanguka, anaiokota, inaanguka. Jioni moja akaiweka juu ya kiti akaenda bila kuaga.

Tuseme ukweli, hatukumfuata. Wengine wetu tulishaanza kuongea nani achukue nafasi yake, maana Juni 20 ilikuwa karibu na jina letu lilikuwa kwenye programu.

Papa akakasirika. "Nani kawaambia gita moja iseme yote? Solo ina yake, mi-solo ina yake, ritimu ina yake." Akachukua gita ya kwaya (ikiwa na nyuzi tano, mnajua kwa nini), akapiga fa peke yake, akatuambia mmoja apige si kwenye ya mapajani. Halafu fa ikashuka mi, si ikapanda do. Ilikuwa ni sol-saba kamili, imegawanywa kwa watu wawili.

Tulienda watatu nyumbani kwake usiku huohuo. Hakutaka kutoka. Tulimwomba msamaha mlangoni, mbele ya mke wake, na aibu tuliyoisikia hatutaisahau. Kesho yake alikuja.

Juni 20 tulipiga Indépendance Cha Cha ya African Jazz, ile ya 1960. Mfanyakazi mmoja wa shirika alituuliza ngoma za asili tumeziacha wapi. Papa akamjibu kwamba hii ndiyo asili yake, yeye amezaliwa nayo.

Kwaya bado wanatudai uzi wa sol. Anayeenda Mbarara hivi karibuni atuambie.