Jumba la Harewood na Sukari ya Barbados

Msafiri atokaye mjini Leeds, Uingereza, akapanda basi liendalo Harrogate, hushuka penye lango la Harewood baada ya kilomita 13 hivi, kisha hutembea kwa miguu hadi jumbani. Ni matembezi mazuri, hasa kwa mwenye watoto.

Ujenzi ulianza mwaka 1759 kwa amri ya Edwin Lascelles, na jumba likakaliwa mwaka 1771. John Carr alichora ramani, Robert Adam akapamba ndani. Lakini shujaa wa vyumba vile, kwa maoni yangu, ni fundi seremala Thomas Chippendale, mzaliwa wa Otley, mji jirani. Katika ukumbi mrefu wa picha, inua macho juu ya madirisha. Utaona mikunjo ya pazia zito. Kumbe ni mbao tupu, iliyochongwa na kupakwa rangi! Fundi yeyote wa Keko angesimama hapo akatikisa kichwa.

Kutani zimo picha za wakuu zilizochorwa na Joshua Reynolds, na kazi za mabingwa wa Italia. Turner naye alikuja mwaka 1797, akiwa kijana wa miaka 22, akalichora jumba lenyewe. Nje kuna ziwa ambalo mgeni angedhani ni la asili, lakini ni kijito kilichozuiliwa kwa mpango wa Lancelot Brown.

Fedha zilitoka wapi? Henry Lascelles, baba yake Edwin, aliyenunua ardhi ile mwaka 1738, alitajirika huko Barbados kwa sukari, kwa biashara ya watumwa, na kwa kuwakopesha wenye mashamba. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza kwa sheria ya mwaka 1833, bwana wa Harewood alilipwa fidia ya zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Wao wenyewe hawakupewa hata senti. Sisi tuliosimuliwa habari za Bagamoyo na mashamba ya karafuu ya Unguja hatuhitaji mkalimani hapo.

Jambo la kupongezwa ni kwamba wenyeji wa sasa, ambao ni wa ukoo ule ule, hawakuificha habari hiyo. Walianza kutundika picha za watu wenye asili ya Karibiani. Mmoja ni Arthur France, mwanzilishi wa kanivali ya Leeds ya mwaka 1967. Mwingine ni mwigizaji David Harewood, ambaye wahenga wake walikuwa watumwa wa akina Lascelles huko Barbados. Jina lake ndilo jina la jumba.

Atakayebahatika kuikuta picha yake ukutani aitazame mwisho, baada ya vyumba vyote, kisha ndipo atoke kwenda bustanini.