Paipu ya Waya na Mteremko wa Soni

Tanga,
12 Februari 2025

Mpwa wangu Salimu,

Mama yako hajambo, anakusalimu sana, na anataka kujua kama huko Lushoto unavaa sweta.

Umeniuliza kama ununue paipu ya breki iliyosukwa kwa waya, badala ya mpira uliokuja na hiyo Yamaha XT 600. Nunua. Pikipiki ya miaka ya 1990 ikiwa bado na mpira wake wa kiwandani, basi mpira huo umepitwa na wakati zamani sana. Yamaha wenyewe huagiza ubadilishwe kila baada ya miaka 4. Lakini umeandika maneno mengine yaliyoninyima usingizi: kwamba breki ya mbele inabonyea "hasa nikikaribia Mombo". Hapo twende taratibu, mwanangu, maana breki hubonyea kwa sababu zaidi ya moja, na paipu haitibu zote.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha, diski ikiwa bado baridi, piga mkono wa breki mara tatu harakaharaka. Ukiwa unakaza zaidi kila unapopiga, kuna upepo ndani. Ukibaki vilevile, mwite kijana aubane kwa nguvu, nawe fumba macho ushike mpira pale chini ya taa. Mpira uliochoka utausikia unavimba vidoleni kama koo la chura. Nguvu inayouvimbisha ndiyo ilitakiwa ifike kwenye pedi. Na kwenye XT hasara ni kubwa, kwa kuwa shokapu zake za mbele hupanda na kushuka zaidi ya sentimita 20, kwa hiyo mpira umefanywa mrefu, na urefu ukizidi, pa kuvimba panazidi.

Huo ndio ugonjwa ambao paipu ya waya ni dawa yake. Ndani ina mrija wa teflon, nje umesukwa nyuzi za chuma kisichoshika kutu, zinapishana kama ukili, mrija hauna pa kutanukia. Anayekwambia kwamba paipu peke yake itakusimamisha karibu zaidi anakuuzia. Vinavyosimamisha ni pedi, diski na tairi. Unachopata wewe ni mkono unaojua: ukibana kidogo, pedi zinabana kidogo, tairi likitaka kuteleza kwenye kokoto, vidole vinapata habari mapema. Kwa barabara yako hiyo ni faida kubwa.

Sasa, breki ikiwa ngumu Lushoto, ikaanza kubonyea ukishapita Soni kwenye mteremko wa Mombo, huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Hayo ni mafuta yanachemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mapya lazima yastahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishakunywa maji, kiwango kinachoruhusiwa hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabanika, mafuta hayabaniki. Utavuta mkono wa breki hadi ugonge mshikio, na pikipiki iendelee kwenda.

Nakueleza jambo lililonipata. Mwaka 1998 niliifunga pikipiki yangu paipu ya waya, mojawapo ya za kwanza kupita mikononi mwangu, na nilijivuna nayo. Mafuta niliyotia yalitoka kwenye kopo lililokaa rafuni tangu masika, mdomo wake nimeufunika kitambaa. Unyevu wa Tanga unaujua. Gereji breki ilikuwa ngumu kama jiwe. Wiki ile ile nikawa nashuka kutoka Lushoto na gunia la pea nyuma, nimeegemea breki muda wote kwa kuwa niliiamini. Kwenye kona mkono ukaenda hadi mwisho. Mbele lori la mboga, upande mmoja korongo. Nikachagua mtaro wa upande wa mlima. Kovu la kiwiko unalolijua ni la siku ile. Paipu ilikuwa mpya, haikuwa na tone lililovuja.

Kwa hiyo fungua kikopo cha mafuta pale kwenye usukani uangalie. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yamekwisha. Nunua kopo lililozibwa, DOT 4, ulifungue siku hiyo hiyo, na litakalobaki usiliweke kwa ajili ya mwakani. Usikubali kuwekewa DOT 5, hiyo ni silikoni na haichanganyiki na hayo. Oili ya injini isikaribie kabisa, itavimbisha raba za ndani.

Paipu usiinunue kwa kukisia. Pima ya zamani kutoka jicho hadi jicho. Ukishaifunga, inyanyue pikipiki gurudumu la mbele lining'inie, ukate usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Paipu isivutike popote, wala isisugue tangi au waya za taa. Huo msuko bila vazi la plastiki hula rangi na waya kama tupa. Washa za shaba ziwe mpya, moja kila upande wa jicho, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Bolti ya Kijapani hapo ni ya milimita 10, hatua ya uzi 1.25. Ya 1.0 itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itang'ang'ania, na ukiilazimisha umeua uzi wa kalipa.

Kutoa upepo usiharakishe. Bana, fungua kiskrubu cha kutolea upepo kwenye kalipa robo mzunguko, funga, ndipo uachie. Kikopo kisikauke, na matone yatakayoangukia tangi yaoshe kwa maji pale pale. Ikikataa kukaza, funga mkono wa breki kwa kamba usiku kucha, vipovu vidogo vitapanda vyenyewe.

Jaribu kwanza kwenye tambarare, siku mbili tatu, ukipitisha kidole kwenye kila kiungo kuona kama pana unyevu. Ukianza kushuka, kaa gia ya pili au ya tatu injini ikushike, breki ubane na kuachia.

Mpira wa zamani usiutupe. Mpe kondakta wa basi la Tanga aniletee, nitaupasua kwa urefu nione ndani ulikuwaje, kisha nikupigie simu.

Ni mimi mjomba wako,
Mzee Bakari