Kuvu Mwenye Koti Jeusi

Akina mama wapendwa, leo sitaandika juu ya lishe wala chanjo. Nitawasimulia habari za mwenzetu mmoja wa Mbagala. Ameniruhusu kuzisimulia, ila jina lake nitalihifadhi. Ni habari za kuumwa kichwa, na mimi muuguzi sikutoka humo bila lawama.

Mama huyo tunaimba naye kwaya. Alianza kulalamika kichwa wakati wa masika. Nilimwuliza kama amepima malaria, akasema amepima na hakuonekana nayo, akapewa dawa za maumivu. Juma la pili kichwa kilikuwa palepale. Nikamwambia apumzike, aache kuinamia moto wa vitumbua tangu alfajiri. Sikumwuliza neno jingine. Juma la tatu hakuonekana kanisani. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta amelala, dirisha limezibwa kwa khanga kwa kuwa mwanga ulimwumiza macho. Alikuwa akitapika, na mimi aliniita kwa jina la dada yake.

Tulimkimbiza hospitali. Daktari akaagiza atolewe maji ya uti wa mgongo. Mumewe akakataa katakata.

"Sista, wanaochomwa sindano ile hawaamki."

"Shemeji," nikamwambia, "wengi huletwa wakiwa wamechelewa, kisha sindano ndiyo inayolaumiwa. Kichwa chake kimejaa shinikizo la maji. Yakipunguzwa, hata maumivu yatapungua."

Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akatia sahihi. Kule maabara walichanganya tone la maji yale na wino mweusi, wakatazama kwa darubini. Palepale wakaonekana wadudu wa mviringo, kila mmoja amezungukwa na duara jeupe. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu, yaani fangasi, aitwaye kriptokokasi.

Kuvu huyu hukaa katika udongo na katika kinyesi cha njiwa. Tunamvuta kwa pumzi bila kujua, na mwenye kinga imara kwa kawaida hadhuriki. Haambukizwi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo msiogope kumwuguza mgonjwa wala kula naye.

Je, kwa nini ni mgumu kumwua? Sababu mojawapo ni rangi. Kuvu huyu hutengeneza melanini, rangi ya jamaa moja na ile inayotia weusi nywele na ngozi zetu, akaipaka katika ukuta wake kama mtu avaaye koti. Maabara wakimwotesha juu ya chakula kilichotengenezwa kwa mbegu ndogo nyeusi za mafuta zilimwazo Ethiopia, hugeuka rangi ya kahawia iliyokoza, na kwa hiyo hutambulikana.

Chembe nyeupe za damu zikimmeza adui humwagia kemikali kali za kumwunguza. Koti lile huzifyonza kemikali hizo, naye akabaki hai. Dawa ya amfoterisini B nayo hunasa katika rangi hiyo, ikapungua nguvu kabla ya kufanya kazi yake. Tena rangi hiyo huitengeneza kwa vitu kama dopamini, ambavyo ubongo wetu unavyo kwa wingi. Wataalamu walipowaambukiza panya wa maabara kuvu wasioweza kutengeneza rangi hiyo, ugonjwa ulikuwa hafifu zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilimweka kriptokokasi katika kundi la kuvu wa hatari kubwa kabisa.

Usiku wa tatu wodini, akili ilipomrudia, mwenzetu alinishika mkono. "Dada, niliacha ARV mwaka jana. Niliogopa mtanikuta kliniki, mjue." Nimesali naye miaka sita. Niliyeogopwa ni mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini usiku ule nilijiuliza ni nani aliyemfanya afiche.

Alitolewa maji ya mgongo mara kadhaa, akapewa dripu na vidonge. ARV hakurudishiwa siku ileile. Kwa ugonjwa huu daktari husubiri majuma 4 hadi 6, maana kinga ikiamka ghafula huweza kuleta madhara kichwani. Basi mtu asijirudishie dawa mwenyewe nyumbani. Leo amepona, ingawa jicho moja linaona kwa ukungu.

Mama mwenzangu, kichwa kinachouma majuma mawili, pamoja na homa, shingo kukakamaa, kutapika, kuona viwiliviwili au kuchanganyikiwa, si cha kutulizwa kwa vidonge vya dukani. Mwenye VVU ambaye CD4 zake zimeshuka chini ya 100 apimwe damu kutafuta kuvu huyu hata kama haumwi. Kipimo kinaweza kumwona kabla hajafika ubongoni, na hapo vidonge vya flukonazoli huweza kumzuia.

Jambo moja linanitia moyo. Kati ya mwaka 2012 na 2013, Dar es Salaam na Lusaka, wagonjwa karibu 2,000 walioanza ARV wakiwa na kinga dhaifu waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili liliongezewa kipimo cha kuvu huyu, na watu wa kawaida waliofundishwa wakawatembelea kila juma kwa majuma manne ya kwanza. Baada ya mwaka, katika kila 100 walikufa 18 kundi la kwanza, na 13 kundi la pili.

Watembeleaji hao hawakuwa madaktari. Walikwenda, wakauliza hali na dawa, wakatunza siri. Kazi hiyo umoja wetu wa wanawake unaiweza. Sasa kila Jumatano nampitia mwenzetu, tunakunywa chai, namwuliza kama amemeza dawa. Hunionyesha kopo, nasi tunaendelea na mazungumzo mengine.