Barua kutoka London: Pampasi Sitatuma

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata, na orodha yake. Hongera kwanza kwa mimba kufika mwezi wa nane salama; hilo ndilo kubwa. Kuhusu pampasi unazotaka nizijaze kwenye begi la yule ndugu anayekuja Mwanza, jibu ni hapana. Usinune kabla hujamaliza kusoma.

Unasema hapo Bugarama mtoto akionekana na nepi ya kitambaa, watu wanajua kwao hamna kitu. Nakuelewa. Kwenye machimbo ya dhahabu kama hapo watu wana macho: mwanamume ambaye duara lake limetema dhahabu anaonekana kwa pikipiki mpya, na mkewe kwa pakiti ya pampasi anayotoka nayo dukani bila kuitia kwenye mfuko. Sasa sikia ya huku. Mtaani kwetu, mashariki mwa London, wanaofunga watoto nepi za kitambaa ni madaktari na wahadhiri wa chuo kikuu. Nepi moja ya kisasa, yenye vifungo vya kubana na picha za twiga, ni kama pauni 15, na mtu ananunua 20 kwa mpigo. Twiga wetu wenyewe, tunauziwa bei hiyo!

Na serikali za mitaa zinawachangia. Baadhi ya halmashauri za jiji hili zimo kwenye mpango unaoitwa Real Nappies for London: mzazi anajiandikisha, anapata vocha ya kununulia nepi za kufua. Usidhani ni huruma. Tangu mwaka 1996 nchi hii inatoza kodi kwa kila tani ya taka inayofukiwa, na hata ya kuchomwa inalipiwa. Mtoto mmoja anamaliza karibu pampasi 4,000 kabla hajajua kuomba choo. Mhasibu wa halmashauri amepiga hesabu akaona afadhali ampe mama vocha.

Kwa hiyo kile ambacho Mama alikifanya kwa kukosa hela, huku kinafanywa na wenye nazo. Pampasi zenyewe ni za juzi tu. Pampers ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1961, na zile chembe zinazonyonya mkojo na kuvimba ziliingia miaka ya 1980. Sisi tulikulia kwenye kanga. Wewe hukumbuki, ulikuwa ndiye unayefungwa, lakini mimi ndiye niliyetumwa kuanua, kwa hiyo naijua kazi ile hatua kwa hatua. Kanga iliyochoka ndiyo bora, maana kufuliwa kumeilainisha. Inakatwa vipande vinne, inakunjwa pembetatu, inabanwa kwa pini, juu yake chupi ya nailoni. Choo kinakung'utwa kwanza chooni. Beseni la kwanza maji matupu, la pili sabuni ya mche, kisha kusuuza mara mbili, maana sabuni ikibaki kwenye kitambaa inamchubua mtoto. Halafu kamba, jua kali, na pasi ya mkaa pande zote mbili. Hiyo pasi haikuwa mapambo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa iliyoanikwa kivulini au chini, na funza wake akianguliwa anaingia kwenye ngozi. Moto wa pasi unayamaliza mayai. Usije ukaruka hatua hiyo kwa sababu umeme umekatika, mkaa upo.

Lakini sitaki nikuuzie maneno ya wazungu bila kuyapepeta. Mwaka 2008 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulitoa hesabu ya hewa ukaa kwa mtoto mmoja katika miaka yake miwili na nusu ya kwanza: pampasi kilo 550, nepi za kitambaa kilo 570. Kitambaa kilishindwa! Sababu ni umeme wa kufulia na kukaushia. Anayeanika nje, anayejaza mashine hadi juu na kumrithisha mtoto wa pili nepi zilezile, anapunguza kilo 200 hivi. Utafiti mwingine wa serikali uliotoka 2023 ukakipa kitambaa nafuu ya asilimia 25. Ukisoma hizo hesabu unaona Bugarama mmeshinda kabla ya kuanza, kwa jua lenu la kiangazi. Mimi huku mkataba wa nyumba unanikataza kuanika hata soksi kwenye baraza. Nepi za mwanangu zilikuwa zinakauka juu ya bomba la kupashia joto, siku mbili, na nyumba nzima inanuka unyevu.

Kuna kitu hawakukiweka kwenye hesabu, nacho ni mgongo wa anayefua. Huku mashine inafua mama akiwa kazini. Kwako mashine ni wewe, na maji yanabebwa. Bomba la mgodi wa Bulyanhulu linavuta maji kutoka Ziwa Victoria kilomita 47 ili dhahabu ioshwe, na njiani mama anahesabu madumu. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mwanamke wa Bugarama anayenunua pampasi. Anayemhubiria mazingira amletee kwanza bomba mlangoni.

Tatizo ni kwamba pampasi nayo haiishii kwa mtoto. Huku gari la taka linapita. Kwenu inatupwa shimoni, au inatumbukizwa chooni hadi choo kinajaa kabla ya wakati wake, au mbwa wanaiburuta mpaka kwenye mlango wa jirani. Mifuko ya plastiki serikali iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na kweli imepungua barabarani. Pampasi ina plastiki yake mgongoni na hakuna aliyeigusa.

Jambo moja nalisema kwa ukali. Beseni la nepi liwe la nepi. Najua kina mama wanaofanya kazi kwenye karasha za kusaga mawe na mialoni wanarudi na makarai waliyooshea dhahabu kwa zebaki, na mabaki yake madogo hayaonekani kwa urahisi. Human Rights Watch walipotembelea machimbo ya Geita, Kahama na Chunya na kutoa ripoti yao mwaka 2013, walikuta watoto wakiishika zebaki kwa mikono mitupu. Mtoto mchanga hana haja ya kuianza safari hiyo kwenye nepi. Nunua beseni jipya na ndoo yenye mfuniko, uviweke chumbani kwako, na mtu yeyote asiviazime, hata kama ni wifi.

Sisemi usiguse pampasi kabisa. Ukipanda basi kwenda Kahama, au ukiwa hoi baada ya kujifungua, nunua za rejareja dukani, mbili tatu. Hiyo si dhambi.

Kwenye begi nimeweka taulo nyeupe za pamba, pini, na chupi za juu zisizopitisha maji, za ukubwa unaoongezwa kadiri mtoto anavyokua. Kanga za Mama zilizochakaa usizigawe, zikate. Shemeji umwambie kazi ya maji ni yake mpaka mtoto atambae, na kuanika pia hakumpunguzii mtu uanaume. Akibisha anipigie.

Hela ya maji ya miezi mitatu nimeirusha kwenye simu ya Mama. Shemeji nampenda sana, lakini namba yake inakaa karibu mno na grosari.

Dada yako,
London