Kuinua pua ya mkonga: springi, spesa na fizikia ya Fukayosi

Najua nimepotea humu, si mnajua tena mambo ya testi na asaimenti zinazogongana wiki moja. Leo sina siasa za chuo wala stori ya bumu kuchelewa. Leo tunaongea springi. Ndiyo, springi za gari. Nyie wa kozi za lugha msikimbie kwanza, maana humu ndani kuna roho za watu.

Ishu iko hivi. Baba mdogo yuko Fukayosi na ana Land Cruiser pick-up, ile familia ya 79 yenye injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2. Watu wanaiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo kama mkonga wa tembo. Kwa wasiopajua Fukayosi, ukitoka Bagamoyo mjini unashika barabara ya Msata, unavuka mto Ruvu, unaendelea. Barabara kuu ni lami safi. Shida inaanza ukiiacha lami na kuingia mashambani. Kiangazi ni vumbi, masika ni udongo mweusi unaonata kama ugali usioiva. Kipindi hicho magari madogo yote yanabaki lami, na mkonga wa baba mdogo ndio unaoingia ndani kuchukua mahindi, mananasi na mkaa. Usiku ukisikia unapiga honi ujue kuna mjamzito au mgonjwa anawahishwa Bagamoyo.

Sasa mkonga umeanza kuinamia mbele. Baba mdogo aliufunga bampa la chuma na winchi, springi nazo zimechoka, kwa hiyo ukiwa mtupu unaonekana kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Vijana wa kijiweni wakamshauri: "Mzee, tia spesa, inua pua, gari likae kibabe!" Fundi akasema anaweza kukata bomba nene, akachomelea vipande viwili vya milimita 50, akaviweka juu ya koili. Kazi ya mchana mmoja, hela kidogo. Baba mdogo akanipigia: "Mwanangu, wewe si ndio unasomea fizikia huko? Njoo Jumamosi utuambie."

Jamani! Miaka yote hii familia inaniuliza ualimu unalipa nini, leo ndio nimepata mteja wa kwanza, teh teh teh.

Haya, twende darasani kidogo. Robert Hooke, Mwingereza, aligundua kwamba springi inavutika au kubonyea kulingana na nguvu unayoipa. Ukiongeza mzigo mara mbili, inabonyea mara mbili. Mwaka 1676 aliificha kanuni yake kwenye fumbo la herufi zilizovurugwa ili mtu asimwibie, halafu mwaka 1678 akaiweka wazi. Sisi tuliisoma O-level kwa kutundika vijiwe kwenye kaspringi kadogo, tukachora grafu, tukasahau.

Sasa ichukue kanuni hiyo uipeleke chini ya mkonga. Tufanye kila springi ya mbele inabeba kilo 500, yaani karibu nyutoni 5,000. Tufanye ugumu wake ni nyutoni 50 kwa kila milimita. Itabonyea milimita 100. (Namba hizi nimezichagua ili hesabu itoke vizuri, msije mkaenda nazo dukani.) Ongeza bampa na winchi vya kilo 100, kila upande unapata 50 zaidi, springi inabonyea milimita 10 nyingine. Hapo pua imeshashuka hata kabla springi hazijazeeka.

Dawa ziko mbili, na watu wanazichanganya sana.

Ya kwanza ni spesa. Spesa ni kipande tu, cha chuma, alumini, plastiki ngumu au raba, unachokiweka juu au chini ya koili. Haiongezi ugumu wa springi hata chembe. Springi ni ileile, inabonyea vilevile, ila imepandishwa kwenye kigoda. Kwenye ekseli nzima kama ya mkonga, spesa ya milimita 20 inakupa milimita 20. Kwenye Hilux Vigo, ile iliyotoka mwaka 2004, kila tairi la mbele lina mkono wake na koili imekaa ndani zaidi kuliko tairi, kwa hiyo spesa ya 25 inaweza kuinua karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana mtu anakopi vipimo vya gari la rafiki yake halafu anashangaa yake limekuwa twiga.

Ya pili ni kubadili springi yenyewe. Hapa kuna kitu kitamu. Ugumu wa koili unategemea unene wa waya wake kwa kipeo cha nne. Waya wa milimita 15 ukiubadilisha na wa 16, koili nyingine zote zikiwa sawa kwa upana, urefu na idadi ya mizunguko, ugumu unapanda kwa asilimia 29. Milimita moja tu! Kwa mfano wetu wa nyutoni 5,500, springi ya zamani ingebonyea milimita 110 na mpya 85. Umepata milimita 25 bila spesa yoyote, na gari halipigi magoti kila likiingia shimoni. Gharama yake ni kwamba likiwa tupu linarusha zaidi. Hamna cha bure.

Jumamosi nilipofika nikawaomba kitu kimoja: tupime kwanza. Tukaliweka gari kwenye sakafu ya saruji, tukapima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi, pande zote nne. Kulia mbele, upande wa dereva, palikuwa chini kuliko kushoto. Vijana walikuwa wanaangalia pua tu, hakuna aliyeona gari limelala upande.

Halafu nikamuuliza baba mdogo, wewe gari hili unalitumia tupu au na mzigo? Akanicheka. "Tupu linaenda wapi?"

Basi hapo ndipo penye utamu wa habari yote. Nyuma kwa mkonga hakuna koili, kuna springi za bapa, zile ndefu zilizopangana. Gari likiwa tupu, mkia uko juu na pua iko chini kidogo, na hiyo siyo kasoro. Mtengenezaji amekuachia nafasi ya mzigo. Ukipakia mananasi, mkia unashuka na gari linakaa sawa. Sasa wewe ukiinua pua kwa milimita 50 ili gari tupu lipendeze kijiweni, siku ukipakia litaangalia mbinguni. Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma kwenye pick-up hii ni milimita 3,180. Kila milimita 20 unazoinua mbele, mwanga wa taa unapanda karibu sentimita 31 ukifika mita 50 mbele. Zidisha kwa spesa za fundi, unapata karibu sentimita 80. Hiyo ni taa ya usoni kwa bodaboda anayetoka Kiwangwa saa mbili usiku. Ukweli ni kwamba taa zinaweza kurekebishwa, lakini taja watu watatu unaowajua waliozirekebisha.

Usukani nao unaharibika. Angalia baiskeli: ule uma wa mbele umeinama kurudi nyuma, ndiyo maana ukiachia mikono inajinyoosha yenyewe. Gari nalo lina mwinamo huo. Ekseli ya mbele ya mkonga imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma yake. Ukiinua chasisi, mikono hiyo inageuza ekseli na mwinamo unapungua. Usukani unakuwa mwepesi, gari linatangatanga kwenye lami, ukikata kona halirudi lenyewe. Kuna bushi maalumu za kurudisha mwinamo, lakini kwenye bajeti ya bomba la kuchomelea hazikuwepo.

Kuna pia ile rodi inayolala kukingama, inayozuia ekseli isicheze kushoto na kulia. Tufanye ina milimita 900 na ncha moja iko chini ya nyingine kwa 100. Kwa Pythagoras, upana wake wa mlalo ni 894. Inua gari 50, tofauti inakuwa 150, upana unakuwa 887. Ekseli nzima imesogea upande kwa milimita 7. Wanafunzi wakiniuliza Pythagoras itawasaidia nini maishani, jibu ninalo.

Kuna paipu za breki, ambazo ekseli ikining'inia zisivutike. Kuna shokapu, ambazo zikiwa fupi ndizo zitakazobeba uzito wa ekseli kila tairi likidondoka shimoni, mpaka zing'oke. Na kuna raba inayozuia ekseli isigonge chasisi. Spesa inaifanya koili ibonyee zaidi kabla raba haijagusa, kwa hiyo usipoishusha raba nayo, mizunguko ya koili inaweza kugongana chuma kwa chuma.

Lakini kilichowanyamazisha vijana ni difu. Kwenye ekseli nzima, difu limekaa kwenye ekseli yenyewe, na ekseli imekaa kwenye tairi. Springi ziko juu yake. Unaweza kuweka spesa ya nusu mita na difu halitapanda hata milimita moja! Bampa litapanda, giaboksi litapanda, lakini kile kinacholima tuta katikati ya njia wakati wa masika kitabaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi, na tairi linatoa nusu tu: likiongezeka kipenyo kwa milimita 50, difu linapanda 25.

Fundi alinyamaza muda, akainama akaangalia chini, akasema, "Kweli bwana. Mi huwa nainua hizi Noah, zile ni tofauti." Na yuko sahihi, zile hazina ekseli nzima mbele. Na wala msidhani nilikuwa namfundisha kazi. Yeye ndiye aliyetuonyesha namna ya kufungua. Kuweka magogo tairi za nyuma, kulegeza nati gari likiwa bado chini, stendi chini ya chasisi, jeki chini ya ekseli, kufungua shokapu na stabilaiza, halafu kushusha ekseli taratibu huku mtu mmoja anaangalia paipu za breki mpaka koili inalegea yenyewe. Aliniambia kwenye Noah huwezi kufanya hivyo, lazima uibane springi kwa vifaa vyake kwanza, na amewahi kuona iliyochomoka ikatoboa bati. Nikapiga hesabu kimoyomoyo: springi ya ugumu ule ikibonyezwa milimita 100 imetunza jouli 250. Ni sawa na nusu mfuko wa saruji ukikuangukia kutoka mita moja. Yeye haijui hiyo namba, ila anaiheshimu kuliko mimi.

Koili zilipotoka tukazisimamisha mezani. Ya kulia ilikuwa fupi kwa karibu sentimita moja. Hapo ndipo spesa ina kazi yake halali, kusawazisha pande, maana kulia ndiko dereva anakokaa kila siku.

Ubishi ukabaki kwenye hela. Springi mpya za Kariakoo ni bei mara kadhaa ya bomba la kuchomelea, na baba mdogo ana watoto wawili sekondari. Akasema wazi: "Nikinunua hizi, ada ya muhula huu nitachelewa kulipa." Sikuwa na fomula ya hapo. Mama mdogo ndiye aliyemaliza mjadala. Alikuwa anachambua mboga pembeni, akauliza swali moja tu: "Wale watu wanaokaaga juu ya mzigo, gari likinyanyuliwa, na wao si wananyanyuliwa?"

Kimya. Maana ndiyo fizikia yenyewe. Ukiinua uzito bila kupanua miguu, gari linapinduka kirahisi zaidi. Sentimita tano kwenye karatasi ni tofauti ndogo. Ongeza magunia, juu yake watu sita na mama mwenye mtoto mgongoni, halafu kona ya udongo unaoteleza.

Wakanunua springi zenye waya mnene kidogo. Kulia ikaongezwa spesa nyembamba ya milimita 10. Mabomba ya fundi hayakufungwa. Ada ililipwa nusu, na mwalimu mkuu akakubali kusubiri iliyobaki. Tukapima tena: kushoto na kulia sawasawa, na pua bado imeinama kidogo, makusudi. Safari ya kwanza na mahindi gari lilikaa sawa kama meza, usukani ukarudi wenyewe.

Vijana wa kijiweni wameshasema hatujainua kitu, mkonga haujakaa kibabe. Sawa tu.

Mimi nimebaki na moja, hasa kwa wenzangu tunaojiandaa kwenda field. Tunafundisha Hooke kwa Kiingereza, kwa vijiwe vya gramu mia, kwa watoto ambao baba zao wana magari yaliyoinama nje ya darasa. Nikipangiwa shule yoyote ya huko, nitaomba koili moja mbovu kwa fundi, niisimamishe mezani, mtoto akalie, tupime inabonyea kiasi gani. Na fundi mwenyewe nitamwomba aje asimulie ile ya bati.

Masika yakifika nitawaletea ripoti. Wenye Noah zilizotiwa spesa semeni hapo chini usukani wenu ukoje, msione aibu. Nawasilisha!